Pikipiki ya Kikundi Iliyobaki Loiyangalani

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Kaplong)

 

Ndugu wenyeviti, makatibu, waweka hazina na wanachama wote, tunawashukuru kwa kuacha vikapu vya chai siku ya kilo nyingi kama leo mkaja kukaa nasi. Tumeombwa tueleze habari ya ile pikipiki. Wengine mmeisikia sokoni ikiwa imeshatiwa chumvi: kwamba kijana aliuawa, kwamba pikipiki iliuzwa Ethiopia, kwamba ofisi ya maendeleo ililipa fidia ya ngamia. Jamani, hakuna ngamia aliyelipwa. Kijana yuko nyumbani, mguu uko kwenye plasta, na pikipiki mmeiona hapo nje mlipokuwa mnaingia. Hebu tuanze mwanzo.

Nyote mnaijua njia panda yetu hapa, inapokutana barabara ya Bomet, ya Sotik na ya Litein. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wetu wengi wamepata mkate wao hapo. Na vikundi vyenu vimesaidia sana. Kijana wa miaka ishirini na kitu hana shamba, hana cheti cha ardhi cha kupeleka benki. Alicho nacho ni wanakikundi wanaomjua. Basi kikundi kimoja, ambacho hatutakitaja na ninyi msikitaje, kilimkopesha kijana mmoja shilingi 80,000 akaongeza zake akanunua pikipiki. Makubaliano yalikuwa shilingi 4,000 kila mwezi. Akilala, faini ni shilingi 200 kila wiki.

Mwaka mzima alilipa vizuri. Halafu mambo ya nyumbani yakamlemea, si mnajua mambo ya nyumbani, akarudi nyuma miezi mitatu. Deni lililochelewa likawa shilingi 12,000 na faini juu yake. Januari 2024 akachukua pesa kidogo iliyobaki, akanunua katoni mbili za majani ya chai yaliyofungwa kiwandani, akazifunga nyuma ya tandiko kwa mpira, akamwambia mkewe kwamba anakwenda safari ya siku nne. Hakusema wapi. Kikundi hakikuambiwa lolote.

Alikwenda kaskazini. Kericho, Nakuru, Nyahururu, Rumuruti, Maralal, halafu Baragoi, na mbele ya Baragoi. Peke yake.

Msimcheke. Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Turnboi mmoja wa lori alikuwa amemwambia kwamba watu wa huko hunywa chai tangu alfajiri mpaka usiku, na ni kweli, tumeiona kwa macho. Sisi tunachuma chai, inakwenda kiwandani, inakwenda mnadani Mombasa, na kutoka hapo inakwenda Pakistan, Misri, Uingereza. Mkulima wa Kaplong anaweza kuzeeka bila kumjua mtu hata mmoja anayekunywa chai yake kutoka mbali. Huyu kijana angalau alitaka kumwona mnywaji uso kwa uso.

Aliuza kidogo Maralal, akauza Baragoi. Akaambiwa mbele kuna bei nzuri zaidi, akaendelea. Akapita South Horr. Kwenye mteremko wa mawe meusi, kabla ya ziwa, gurudumu la mbele likageuka, akaanguka, mguu ukavunjika chini ya goti, simu ikapondeka chini yake. Wachungaji wa mbuzi walimkuta. Mmoja alibaki naye, mwingine akatembea mpaka akapata lori. Lori likambeba yeye na pikipiki yake hadi Loiyangalani, kwenye zahanati ya misheni.

SIKU KUMI NA TISA

Sasa hapa ndipo tunataka mtege sikio. Hapa nyumbani kimya kilikuwa cha siku kumi na tisa. Mama yake alikuja ofisini kwetu kila asubuhi baada ya misa. Hakuulizi kitu, anakaa tu kwenye benchi. Mkewe alipiga simu mpaka akachoka kusikia yule bibi wa mashine. Wengine katika kikundi walikuwa wanasema, "Ametoroka na pikipiki yetu." Yalisemwa, tena mbele ya mama yake.

Kule Loiyangalani, sista muuguzi alimuuliza, "Mwanangu, tumpigie nani?"

Akajibu, "Sista, nambari zote zilikuwa kwa simu."

Hakujua kwa moyo hata ya mkewe. Nambari aliyoijua ni yake mwenyewe, na simu yenyewe imekufa. Ninyi mliokaa hapa, fumbeni macho mtaje nambari tatu za watu wenu. Tumeona mmoja ameinua mkono. Mmoja, katika ukumbi huu wote.

Lakini nambari ni nusu tu ya habari. Sista alimuuliza pia parokia yake. Hapo angeweza kusema Kaplong siku ya kwanza, na kutoka misheni hadi misheni habari ingefika kwa siku mbili. Hakusema. Alisema anatoka "huko Nakuru". Wiki mbili alisema Nakuru. Mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo ya pale alikuwa akimletea ugali na samaki jioni, na ni huyo aliyempatia siku moja. Alimsalimu kwa jina la kabila lake akaona anashtuka. Akamuuliza, "Kijana, umeua mtu?" Akasema hapana. "Umeiba?" Akanyamaza. Halafu akasema, "Nina deni la kikundi."

Tulipomkuta nyumbani tulimuuliza kwa nini. Alituambia hivi, na tunayarudia kwa ruhusa yake: alikuwa amemwona mwanachama mwingine mwaka uliotangulia akichukuliwa mabati ya jikoni, kuku na godoro, watoto wakitazama. Akaona afadhali wamfikirie amekufa kuliko wajue ameanguka na pikipiki imeharibika kabla hajamaliza kulipa.

Yaani aliogopa kikundi kuliko alivyoogopa jangwa. Na jangwa lile, ndugu zetu, tumelipita. Lina kitu cha kuogopesha.

SAFARI YA KURUDISHA PIKIPIKI

Kijana aliteremshwa hadi Maralal kwa gari la misheni lililokuwa na safari zake, wajomba wakampokea. Pikipiki haikuweza kupakiwa, ikabaki stoo. Kikundi kikauliza nani atakwenda. Vijana watatu walijitolea mara moja, wakiwa na macho ya kung'aa kidogo kuliko tulivyopenda. Tukaamua ofisi iende, kwa kuwa tumeendesha pikipiki ya kazi kwenye milima hii kwa miaka mingi. Tunasema "tulikwenda", ingawa kwenye tandiko alikaa mtu mmoja tu. Utaona mbele kwamba neno hilo si la kujivuna.

Tulipanda matatu hadi Maralal, tukalala, halafu juu ya magunia ya unga kwenye lori. Kutoka Maralal hadi ziwani ni kama kilomita 230. Hapa kwetu ungesema saa tatu. Kule ni siku mbili, na mvua kubwa za mwisho wa 2023 zilikuwa zimeikata njia vibaya. Mahali fulani abiria wote tulishuka tukabeba mawe kujaza shimo ndipo lori lipite. Hakuna aliyelalamika. Ni kama nauli nyingine.

Maralal ni mji wa baridi, wenye mierezi, kama Kericho iliyokauka. Ndiko alikowekwa Mzee Kenyatta mwaka 1961 kabla ya kuachiliwa. Ukitoka hapo unateremka, unateremka, mpaka ufike ziwani kwenye kimo cha kama mita 360 tu juu ya bahari, na kila hatua joto linakupokea. Ziwa Turkana lina urefu wa kilomita kama 250, na maji yake yana magadi. Jina lake la Rudolf lilibadilishwa mwaka 1975. Loiyangalani yenyewe ina chemchemi na mitende, na jina hilo kwa Kisamburu maana yake ni mahali pa miti mingi. Baada ya mawe yale yote unaliamini jina.

Stoo ilifunguliwa. Pikipiki ilikuwa imefunikwa turubai. Ndani ya katoni zilikuwa zimebaki pakiti 31 za chai, na katekista alikuwa amezihesabu, akaandika kwenye karatasi, akaitia sahihi na kuibandika juu ya katoni. Hakuna pakiti iliyoguswa, katika mji ambao kila nyumba ina birika motoni.

Fundi wa pale alinyoosha usukani na kubadilisha kebo ya klachi. Tulikuwa tumebeba tyubu mbili, viraka, pampu ya mkono, plagi, kiungo cha cheni, spana, waya na kipande cha sabuni cha kuzibia tangi likitoboka. Maji lita kumi. Tangi la pikipiki hii linachukua lita 11, na kwenye lami lingetufikisha mbali sana, lakini kwenye mawe na mchanga, gia ya kwanza na ya pili, mafuta yanakwenda kama maji, kwa hiyo tulifunga jerikeni ya lita tano. Petroli huko huuzwa kwa chupa na kwa mtungi, na unachuja kwa kitambaa kabla ya kutia.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Upepo wa Loiyangalani si upepo wa kupuliza kofia. Unatoka upande wa Mlima Kulal na unasukuma pikipiki mpaka unaiendesha ikiwa imeinama kama mtu anayeegemea ukuta. Sisi tulikuwa tunakwenda kusini, kwa hiyo ulikuwa mara mbele mara ubavuni. Si ajabu kwamba karibu na hapo wamesimamisha milingoti 365 ya kufua stima kwa upepo, mradi uliozinduliwa rasmi Julai 2019. Inaonekana kutoka mbali, myeupe, inazunguka juu ya mawe matupu, na waya zake zinabeba stima zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Chini yake tuliona mama akitafuta kuni.

Mawe yale ni ya volkano, meusi, makali, makubwa kama kichwa cha mtu. Huwezi kukimbia. Mwenda pole hajikwai, wahenga walisema, na walisema kana kwamba walipita hapo. Kwenye mawe tairi liwe gumu, la sivyo ukingo wa rimu utaikata tyubu. Kwenye mchanga unapunguza upepo ili tairi lisambae lisizame. Basi siku nzima ni kupunguza na kupampu, kupunguza na kupampu. Na laga, yaani ile mito mikavu ya mchanga, unaivuka upesi na hupumziki ndani yake hata kama kivuli ni kizuri, kwa maana mvua inaweza kunyesha mlimani usikokuona, maji yakakujia chini ya jua kali. Saa tano unatafuta mti na kukaa mpaka saa tisa.

Kabla ya South Horr tyubu ya nyuma ilitoboka kwa mwiba. Hatukuwa tumeona mtu tangu asubuhi. Tulipogeuza pikipiki ubavu na kufungua gurudumu, tukaona watoto wawili wamesimama na mbuzi wao. Wametoka wapi, hatujui. Mkubwa alikuwa kama wa miaka kumi na miwili. Hakusema neno. Alichuchumaa, na kila nati tuliyofungua aliichukua akaiweka kwenye kiganja chake, ili isipotee mchangani. Akakaa hivyo, kiganja wazi, nusu saa. Tulipomaliza alitupa moja moja kwa mpangilio. Tukampa maji. Akanywa mafunda mawili, nyingine yote akampa mdogo wake.

Hapo tulijiuliza: kama si hawa watoto, nati moja ingezama kwenye mchanga ule, na gurudumu lingekuwa la kufungwa kwa waya.

South Horr ni bonde la kijani kati ya milima, Nyiro upande mmoja, mlima ambao Wasamburu wanauheshimu sana kama mahali pa sala. Tulilala misheni. Kesho yake tukafika Baragoi mapema, tukataka kuendelea alasiri ileile. Tulikuwa na haraka, lami ilikuwa inatuita. Tulisimama kwenye kibanda cha mama mmoja kunywa chai.

"Supa," mzee aliyekuwa ameketi hapo alitusalimu.

"Oiye."

"Unatoka wapi?"

"Kaplong, mzee."

"Hiyo iko Kenya ya chini?"

Huko bado wanasema hivyo. Ukienda Nairobi wanasema umekwenda Kenya. Wala hawatanii sana. Sheria za hatari zilizowekewa wilaya za kaskazini zilidumu miaka mingi baada ya uhuru, mpaka 1991.

Tukamwambia tunataka kufika Maralal. Akatazama jua. "Saa hii huendi."

"Mzee, si mbali sana."

"Sijasema mbali. Nimesema saa. Lala hapa."

Mtu wa huko akisema lala, unalala. Eneo la Baragoi limemwaga machozi mengi. Novemba 2012 polisi zaidi ya arobaini waliuawa katika bonde la Suguta, na Februari 2023 serikali ilitangaza Samburu kuwa moja ya kaunti sita zenye vurugu na hatari. Wanaokaa huko ndio wanaojua ni saa ngapi njia ina watu na saa ngapi haina. Basi tukalala.

Asubuhi yule mzee alikuwa ameshafika kibandani kabla yetu. Alituuliza jina la baba, jina la nyumbani, na nani anatungoja. Halafu akatoa simu yake ndogo, akampigia mtu aliye mbele kwenye njia, akasema kwa Kisamburu, na mama wa kibanda akatutafsiria: kuna mgeni wa misheni anakuja na pikipiki nyekundu, anaondoka sasa, asipofika kwako saa nne niambie. Tulipofika kwa mtu huyo, saa tatu na nusu, alikuwa amesimama barabarani. Hakutuomba kitu. Alipiga simu nyuma, "Amefika," na akapiga nyingine mbele.

Hivyo ndivyo tulivyopelekwa hadi Maralal, mkono kwa mkono, na watu wasiojua hata jina letu la ubatizo. Kutoka hapo ni lami, na habari ya lami haina utamu. Rumuruti, Nyahururu, Nakuru, tukalala, kesho yake Kericho na mvua yake ya mchana, Litein, Kaplong. Jumla ni zaidi ya kilomita 500, kwa siku tano.

Vijana wametuuliza sana kama safari ya mtu mmoja ni tamu. Ni tamu, hatutawadanganya. Kuna asubuhi pale juu ya mawe ambapo unamshukuru Mungu kwa sauti na hakuna wa kukucheka. Kuna Mwingereza mmoja, mwandishi wa magazeti aitwaye Ted Simon, aliyetoka London Oktoba 1973 kwa pikipiki aina ya Triumph, akazunguka dunia peke yake miaka minne, na aliingia Kenya kutoka Ethiopia. Vijana wanaopenda mambo hayo humtaja kama shujaa wa kwenda pekee. Sawa. Lakini mkumbuke kwamba gazeti la Sunday Times la London lilikuwa linangoja makala zake. Kulikuwa na meza mahali fulani yenye mtu anayeuliza, "Simon ameandika kutoka wapi wiki hii?" Kijana wetu hakuwa na meza hiyo. Alikuwa na kikundi cha watu ishirini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba yuko Samburu.

TULICHOLETA MBELE YENU

Tunasema kila siku, dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli. Pesa ya kikundi ni ya wajane, ni ya ada za shule, haiwezi kuchezewa. Hatukuja kuwaambia msidai. Lakini hebu tupige hesabu pamoja, mweka hazina aandike. Kijana alikuwa nyuma shilingi 12,000 bila faini. Simu, nauli, lori, fundi na petroli ya kurudisha pikipiki imekula shilingi 14,300. Hospitali hatujaweka. Mguu wa miezi bila kazi hatujaweka. Sasa ile faini ya shilingi 200 kwa wiki imelinda nini?

Wazee wetu wa kokwet walikuwa wakali kuliko sisi, tena sana, lakini mtu hakuhukumiwa kabla ya kuketi chini akasema. Vikundi vyetu vingi vimeandika faini kwenye katiba ukurasa wa kwanza, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanachama aliyekwama atasikilizwa. Tumesoma katiba za vikundi tisa vilivyoko hapa leo. Saba hazina. Mnajua Bwana wetu alisimulia habari ya mdaiwa na mdaiwa mwenzake, katika Mathayo sura ya 18. Someni katika jumuiya, hatutahubiri, padre yuko.

Tunapendekeza mambo machache, na mna haki ya kuyakataa.

Mwanachama aliyechelewa malipo ya kwanza, aitwe kabla ya malipo ya pili, si na kikao kizima, na watu wawili tu anaowachagua mwenyewe. Aseme yaliyompata. Faini isimame siku anapokuja kusema, iendelee akikataa kuja. Tumeuliza vikundi viwili vinavyofanya hivyo upande wa Sotik, wanasema watu huja.

Pili ni daftari. Lile la shilingi hamsini linatosha. Mwanachama anayesafiri kwa mali ya kikundi au kwa biashara, awe wa bodaboda au mama wa mitumba anayekwenda Gikomba, anaandikisha: nakwenda wapi, kwa njia gani, nitalala wapi, nitapiga simu lini. Na kuna mtu mmoja wa kikundi ambaye kazi yake ni kungoja simu hiyo. Isipokuja jioni ya pili, anajua ampigie nani. Mzee wa Baragoi alifanya yote hayo bila daftari, lakini sisi tunasahau, kwa hiyo tuandike.

Nambari tatu ziandikwe kwa kalamu nzito kwenye karatasi, zitiwe nailoni, zishonwe ndani ya jaketi. Nyuma ya karatasi jina la parokia au la kanisa lako. Hilo ni la leo, kabla hamjaondoka. Kalamu ziko pale mlangoni.

Kuhusu mabati na magodoro hatutaongeza neno. Mama wa kile kikundi yuko hapa, na yule aliyenyang'anywa yuko hapa. Tumewaona wameketi benchi moja, hilo limetutosha.

Sasa habari ya chai, maana mweka hazina ananitazama. Zile pakiti 31 za stoo ya Loiyangalani tulizibeba. Tulipolala Baragoi, mama wa kibanda alifungua moja, akachemsha na maziwa ya ngamia, akawapa wazee wanne. Walikunywa polepole. Mmoja akauliza kama majani haya yanatoka Kenya ya chini. Tukasema tunayachuma sisi wenyewe. Mama akasema atachukua zote, kila pakiti shilingi 150, na ile aliyoifungua akailipia. Akauliza nyingine zitakuja lini.

Hiyo ni shilingi 4,650. Imeingizwa katika daftari la kikundi kwa jina la kijana, risiti iko kwa katibu. Ni malipo ya mwezi mmoja na shilingi 650 za mwezi unaofuata. Kikao cha kuamua habari ya faini, na ya nani ataendesha pikipiki mpaka mguu upone, ni Jumamosi saa nane, hapa hapa ukumbini. Kijana atakuja kwa magongo. Ameomba apewe nafasi ya kusema kwanza.